Wimbo wa Keki

Jumatatu, 4 Agosti

Kipindi changu cha mchana redioni kimeisha salama. Nyimbo tatu za mbio za singeli mfululizo, tangazo la magodoro, singeli nyingine, nikafunga. Koo linawaka. Nilikuwa naviringisha waya wa hedifoni meneja akaniita ofisini, na meneja wetu hamwiti mtu ofisini kumpa pole.

Mzee Haule, mtangazaji wetu mkongwe, amefanyiwa upasuaji wa koo. Anaendelea vizuri, ila daktari amemkataza kuongea mwezi mzima. Kwa hiyo kipindi chake cha Jumapili mchana, kile cha kantri, muziki wa Wamarekani, nakishika mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu wenzangu wote walikuwa wameshatoroka kwenda kula.

Halafu kuna hili. Watu wa kubeti wanakitaka kipindi hicho siku nyingi, wakae wachambue mechi za Ulaya. Meneja kasema bila kuzunguka: salamu za wasikilizaji zikikauka, anawapa. Mzee Haule atarudi akute kiti kina watu. Amekalia kiti kile tangu mimi sijui kusoma.

Mimi na kantri wapi na wapi. Naogopa kweli.

Jumanne, 5 Agosti

Nimesikiliza kantri kwenye simu tangu nitoke kazini. Niliuliza mtandao mgeni aanzie wapi. Nimemwagiwa majina. Wazee wenye kofia, akina mama wenye nywele zilizojaa, vijana wenye magari makubwa yenye tope. Kila mshauri anamkana mwenzake. Huyu anasema anza na wa zamani, yule anasema wa zamani watakukimbiza.

Nimeruka kutoka wimbo hadi wimbo, kidogo kidogo, kama mtu anayebonyeza maparachichi sokoni bila kununua. Zote naona moja. Gitaa, mtu analalamika, gitaa.

Nimemwandikia Mzee Haule. Shikamoo mzee, pole na kuumwa, nianzie wapi? Amejibu: "Marahaba mwanangu. Anza kwa kukaa."

Nimekasirika. Nilikuwa nimekaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Hakuna kazi. Nimeshinda nyumbani Tandika na mama yangu, na leo ndiyo nimemjua mama yangu.

Nilimuuliza kwa utani tu kama kantri anaijua. Akasema anamsikiliza Haule kila Jumapili, akishaswali adhuhuri, mpaka mwisho. Mimi Jumapili mchana hulala. Miaka yote nimelala chumba cha pili na sikujua. Nilidhani ni muziki wa wanaotoka kanisani. Mama akacheka, akasema radio haiulizi mtu dini.

Kumbe nyimbo zina majina yake huku kwetu. Hakuna anayejua majina ya kwenye kasha la kaseti. Kuna Ule wa Treni. Kuna Babu Anakohoa. Kuna Dada Wawili, ambao nimeusikiliza na waimbaji ni wanaume. Na mkubwa wao wote, Wimbo wa Keki, kwa sababu harusi za zamani ndio uliopigwa maharusi wakikata keki. Jirani yetu alikuwa anaanika nguo, akasikia, akaingilia: mgeni aanze na Keki, huo Treni utampotosha. Mama akakataa. Wakabishana kabisa, watu wazima, beseni la nguo liko katikati.

Mama aliutafuta Keki kwa kuimba, mimi natafuta kwenye simu, mpaka tukaupata. Unaanza polepole. Halafu inaingia fidla, na mwili ukanisisimka. Fidla ile ile ya taarabu. Inalia vilevile, imevaa nguo nyingine tu. Sikujua kwamba kuna mtu upande ule wa dunia anailiza kama wanavyoilizaga kwetu.

Nimeurudia mara nyingi. Mama aliendelea kupiga pasi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeboronga.

Niliendesha kama singeli. Honi, vicheko vya mashine, jina langu kila baada ya ubeti. Nyimbo nilizikatia katikati ili ziingie nyingi. Nilijiona moto.

Mwenyekiti wa wanasalamu alipiga simu kabla sijamaliza. Hawa wanasalamu ndio roho ya kipindi. Kila wiki wanatuma majina ya watu wa kuwasalimia, kwa kadi au kwa simu, na wana umoja wao, wana mwenyekiti, wanazikana. Mwenyekiti ni Bwana Pazi wa Kimbiji, mkulima wa mihogo. Hakunigombeza. Alisema, "Binti, kule kwetu tunaisubiri hii wiki nzima. Ukiukata wimbo katikati, unatuacha njiani."

Salamu zimepungua. Meneja ameziona kwenye meza, akazipanga ziwe mafungu, akaondoka. Nimeona aibu mpaka masikio.

Jumatano, 13 Agosti

Leo nimelia ofisini, kwa sababu nzuri.

Nilikaa na Wimbo wa Keki nikasikiliza maneno yake. Kiingereza nakijua, shule nilikuwa naongoza. Sikuwahi kufikiria kukitumia kusikiliza. Nikaandika mstari kwa mstari.

Ni bwana mmoja anarudi kijijini kwao baada ya kupotea muda mrefu. Anaifuata nyumba aliyoijenga mwenyewe. Taa zinawaka, watu wamejaa, kuna muziki. Anasimama getini na kofia mkononi. Aliyekuwa mke wake anaolewa mle ndani. Anasikia wanapiga makofi. Analigusa komeo la geti, halifungui. Anaondoka. Basi. Hakuna ugomvi, hakuna laana, hata jina la mke halitajwi.

Jamani. Maneno machache namna ile! Mtu kasimama tu getini na mimi nimekosa pumzi. Nimeusikiliza Ule wa Treni pia, na Babu Anakohoa. Kila mmoja una mtu ndani yake, mtu kamili, ana viatu na ana kosa alilofanya. Dakika tatu tu.

Na watu wetu hawajui! Wamezipenda gizani miaka yote. Jumapili nitawatafsiria. Nitawapa nyimbo zao. Nimefurahi sijapata kufurahi hivi kazini.

Jumapili, 17 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Sikukata wimbo hata mmoja, honi sikupiga. Kabla ya kila wimbo nilieleza maneno, taratibu, kwa Kiswahili changu bora. Treni ulipita vizuri. Babu Anakohoa ulileta ujumbe wa mtu aliyedai anayekohoa ni yeye. Nikafika kwenye Keki. Nilisimulia mpaka mwisho. Bwana getini, kofia mkononi, mke anaolewa na mwingine. Nikauachia.

Simu zikalipuka kabla fidla haijaingia.

Mimi nilitegemea shukrani. Mmoja aliuliza nani amenituma. Mwingine alikuwa na mtoto wake anayefunga ndoa mwezi ujao, kadi zimeshachapwa, ratiba ya ukumbini imeandikwa Keki kwa Keki, yaani keki ikatwe kwa wimbo huo, afanye nini sasa? Fundi mitambo alikuwa ananiangalia kupitia kioo amejishika kichwa.

Wa mwisho alikuwa Mama Mapunda wa Wazo, anayeuza vitenge Tegeta. Kila mtu redioni anamjua kwa salamu zake ndefu. Hakupaza sauti, ingekuwa nafuu angepaza.

"Mie niliolewa na wimbo huo," alisema. "Nimeupigaga kila mwaka siku yetu, mume wangu shahidi. Leo umeniambia nilikata keki na mwanaume analia getini. Umenipa nini sasa?"

Akakata. 

Jumatatu, 18 Agosti

Bwana Pazi ametangaza kwa wanasalamu wote: hakuna kadi, hakuna ujumbe, mpaka Haule arudi na sauti yake. Wametii. Tangu jana simu ya kipindi imekufa.

Meneja ameniambia Jumapili ijayo ikiwa hivi, watu wa kubeti wanaanza inayofuata. Hakuwa mkali. Alikuwa ananihurumia, na hilo ndilo limeniuma. Kipindi cha mtu mgonjwa nimekiua mimi, kwa Kiingereza cha shule.

Nimemwandikia Mzee Haule nikamweleza yote.  Amejibu: "Nenda kwa Mama Mapunda. Usiende mikono mitupu. Usieleze chochote."

Kumbe ndivyo anavyofanya. Mama ndiye aliyeniambia jioni. Jumamosi zake zote Mzee Haule huenda nyumbani kwa msikilizaji mmoja, anakaa, anaangalia radio yao iko wapi, inasikikaje, nani anafanya nini wimbo ukipigwa. Hajawahi kulisema hilo hewani. Mama anajua kwa sababu Mzee alishafika hapa Tandika. Alikaa kwenye kiti kile ninachotupia mikoba.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimerudi kutoka Wazo. Nataka kuandika yote kabla hayajachuja.

Nilinunua sukari, sabuni za miche na majani ya chai. Nyumba iko upande wa kilima, nyuma ya kiwanda cha saruji. Ukuta wa rangi ya samawati, majani ya mpapai yana vumbi. Mama Mapunda alinifungulia, akapokea mfuko, akasema karibu bila kunitazama. Ni mama mrefu, mnene, ana mikono ya mtu anayepima vitambaa kutwa. Mume wake, Mzee Mapunda, alikuwa sebuleni. Amestaafu kiwandani, alikuwa stoo ya vipuri. Mkimya. Nikawaamkia, wakaitikia.

"Kaa," akasema Mama Mapunda.

Nikakaa. Nikataka kuanza kuomba radhi, nikakumbuka nisieleze chochote. Nikahesabu maua ya kitambaa cha meza. Ukutani kuna picha ya harusi yao. Yeye mwembamba, mume ana nywele nyingi, keki imesimama ghorofa tatu, wameshika kisu kimoja.

Mzee akainuka akaenda kwenye sabufa la muziki. Mama Mapunda akamwambia asithubutu. Mzee akaweka hivyohivyo. Wimbo wa Keki.

Sijawahi kuusikia namna ile. Studio tunasikia kila kitu kisafi. Pale ulitoka kwenye sabufa lenye kitambaa cha kufuma juu yake, ukapita kwenye harufu ya saruji na vitunguu vinavyokaangwa, nje malori yananguruma, na ulikuwa mkubwa kuliko studio nzima. Ndipo nilipoelewa kukaa ni nini. Sikuwa na cha kubonyeza. Mwisho wake haukuwa wangu. Nilikuwa mgeni kwenye nyumba ya watu na wimbo ni wa kwao.

Ulipofika pale kwenye makofi, pale ninapojua yule bwana anagusa komeo, Mama Mapunda aligeuza uso dirishani. Nilitamani ardhi inimeze.

Ukaisha. Mzee hakukaa. Alisema yale maneno yeye alikuwa anayajua.

Mkewe akauliza anayajua tangu lini, tangu Jumapili?

"Tangu siku ya harusi," alisema Mzee. "Mie nilikuwa stoo na wazungu wa mitambo, Kiingereza nilikuwa nakisikia. Ulipouchagua wewe niliogopa. Nikasema nitakwambia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kukwambia palepale ukumbini. Nikakuona ulivyoshika kile kisu unacheka. Nikasema moyoni, yule bwana asimame huko huko getini. Humu ndani kuna harusi."

Nimeyaandika kama alivyoyasema. Sijaongeza neno.

Mama Mapunda alimgeukia mume wake. Kila mwaka, siku yao, amemwekea wimbo ule, na kila mwaka huyu bwana amekaa anamsikia yule mwenzake wa getini anarudi zake, na hajasema. Nilidhani mkewe atakasirika. Alianza kucheka. Kwanza mabega, halafu mwili mzima, mpaka akajifuta macho kwa pembe ya kitenge na sijui kama machozi yote yalikuwa ya kicheko. Akaenda jikoni. Akarudi na chai na mihogo ya kukaanga, akaniwekea mimi kwanza.

"Kesho upige tena," aliniambia. "Ila ufunge mdomo."

Njia nzima nilikuwa nawaza yule bwana aliyeutunga. Hajui kuna Wazo. Hajui kuna keki. Kasimama getini kwake kwa huzuni yake, na huku upande wa pili wa dunia watu wakachukua huzuni ileile wakaoana nayo, na ikawabeba. Sielewi inawezekanaje. Nilikuwa nadhani nikijua maneno nitakuwa nimefika.

Jumapili, 24 Agosti

Meza tupu. Nilipoingia hakukuwa na kadi hata moja, simu imelala kifudifudi kama ilivyokuwa. Meneja alikuja mapema, yeye ambaye Jumapili hupitia tu mwisho wa kipindi. Akasimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

Nilisema habari za mchana, nikataja Ule wa Treni, nikazima maiki. Mpaka mwisho. Nikataja Babu Anakohoa, nikazima. Nilipokuwa nasubiri sikujua mikono niiweke wapi. Nikaikalia.

Keki nikauweka wa mwisho. Sikusema chochote kabla. Ulivyoanza nilifumba macho nikaweka akilini kile kitambaa cha kufuma, na harufu ya vitunguu, na mama anapiga pasi Tandika. Wimbo ukaisha. Simu kimya. Meneja akashusha pumzi, akageuka aondoke. Nilimwonea huruma Mzee Haule kuliko nilivyojionea mimi.

Kisha ikawaka.

Mama Mapunda. Ujumbe wake niliusoma hewani kama ulivyokuja, kwa utaratibu wa wanasalamu, jina moja baada ya jingine. Salamu zimfikie mume wangu hapa pembeni yangu, anayejifanya hasikii. Zimfikie Bwana Pazi na wote wa Kimbiji. Zimwendee Haule, Mungu ampe koo jipya. Zimwendee yule binti, amekuja nyumbani amekaa. Halafu mwisho: "Na salamu nyingi ziende kwa yule bwana wa getini, popote alipo. Mwambieni asiondoke. Aingie, keki ipo."

Nilishindwa. Nilikaa na maiki wazi, watu wote wakanisikia napenga kamasi.

Simu haikutulia tena. Bwana Pazi wa kwanza. Alituma salamu kwa wajukuu wake na kwa bwana wa getini, mihogo ipo. Mwenye mtoto anayeoa: salamu kwa bwana wa getini, ratiba haibadiliki, kiti chake kitakuwepo. Mwingine wa Mbagala, mwingine wa Sinza, mwenye duka la vyuma Kariakoo na mkewe, wote wanamkaribisha. Kipindi kilikwisha sijamaliza kusoma. Fundi mitambo aliiba dakika za tangazo la magodoro akanipa.

Meneja alikuwa bado mlangoni. Funguo alikuwa amezirudisha mfukoni.

Jumatatu, 25 Agosti

Watu wa kubeti wamepewa Jumatano usiku. Meneja alinieleza kama jambo ambalo siku zote lilikuwa hivyo. Nikamshukuru.

Nimetuma ujumbe kwa Mzee Haule. Amejibu: "Nilisikia. Nilikuwa nimekaa."

Nimeanza singeli mchana kama kawaida. Nimesikia kitu ndani ya singeli ambacho sikuwa nakisikia.  Kuna mtu mle pia.

Jumapili, 31 Agosti

Mzee Haule amekuja studio. Kitambaa shingoni, amepungua. Sauti bado, ikitoka inatoka kama karatasi inayokunjwa, na daktari hataki. Nilimwachia kiti chake. Akakataa kwa kichwa, akavuta kile cha plastiki cha mgeni, akakaa pembeni yangu.

Alichagua yeye, kwa kidole. Mimi nilitaja jina nikazima.

Msichana mmoja wa Sinza ametuma ujumbe. Kantri hajawahi kusikiliza, aanze na wimbo gani? Nilimwonyesha Mzee. Alitabasamu, akanirudishia simu. Nikamuuliza yule dada anafanya nini saa hizi. Anapiga pasi nguo za kazi za kesho. Nikamwambia aendelee tu na pasi, asizime radio.

Tukaweka Keki. Mlango wa studio ulikuwa umefungwa. Fidla ilipoingia, Mzee Haule aliinuka taratibu, akaufungua, akaurudishia nusu, kama anayemwachia mtu njia, akarudi kukaa.